Mbeya hadi Dar kwa gari binafsi na watoto watatu wadogo: tulale wapi, tujipange vipi?

Mama Uyole

Habari zenu wakuu. Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, tunashuka Dar na gari yetu, Noah ya petroli, otomatiki. Watu wazima ni wawili na wote tunaendesha. Watoto ni watatu: wa miaka 8, wa miaka 4 na wa miezi 10 ambaye bado ananyonya. Huyu wa miaka 4 hutapika hata safari fupi ya Tukuyu. Dar tutafikia kwa ndugu, Mbezi Beach, kwa siku sita.

Naomba msaada kwenye haya. Tupige siku moja au tulale njiani, na kama ni kulala, wapi? Kitonga, ule mteremko mkali baada ya Iringa, inateremkwaje na otomatiki iliyojaa mizigo? Watoto waliozoea baridi wajiandae vipi na joto na mbu wa kule? Na tukishafika, tuwapeleke wapi bila kuwachosha na bila kumaliza pesa? Wengi wanatuambia "Dar ni siku moja tu", ila naona wanahesabu kama watu wazima watupu.

Mzee wa TANZAM

Mama, laleni njiani. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 820, na sehemu kubwa barabara ni ya gari moja kwenda na moja kurudi. Vijiji vyenye kibao cha 50 havihesabiki, kila kijiji na matuta yake, tochi za trafiki (vipima mwendo) zipo, na malori ya Zambia na Kongo mko nayo mwanzo mwisho. Ukiendesha kwa kufuata sheria, wastani wa kweli ni kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Hizo ni saa 14 za usukani peke yake. Mtoto wa miezi 10 anahitaji kutolewa kwenye kiti kila baada ya saa mbili hivi, anyooke, anyonye, abadilishwe. Ukijumlisha vituo hivyo na chakula, mnaingia Kibaha usiku, dereva amechoka na watoto wanalia. Hapo ndipo ajali zinapotokea.

Mpango unaokaa vizuri ni kulala Iringa, kilomita kama 330 kutoka Mbeya. Msiondoke usiku. Mwezi wa Juni jua la Mbeya linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, na ukungu wa Inyala na wa upande wa Makambako na Mafinga mara nyingi unakuwa bado haujanyanyuka. Ondokeni saa 1, watoto wakiwa wameshakula kidogo. Mteremko wa Inyala uchukueni polepole, una malori mengi na historia mbaya.

Makambako mtafika kama saa 4. Hapo pana sheli zenye vyoo, msimame nusu saa nzima watoto wakimbie. Mafinga saa 5 na nusu hadi saa 6, hapo mnakula. Kisha, kama kilomita 20 kabla ya Iringa, ipo Isimila, bonde lenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale. Si mbali na lami, na mwezi wa Juni njia ni kavu. Mtoto wa miaka 8 atapapenda sana. Mdogo abebwe mgongoni kwa kanga, maana kushuka bondeni si njia ya kigari cha mtoto. Saa 9 hadi 10 alasiri mko Iringa. Mkilala Ipogolo, chini barabarani, mnakwepa kupanda mjini na kushuka tena asubuhi, ila malori yanapiga kelele usiku kucha. Mkilala mjini juu mnapata utulivu, na kesho yake mnaongeza dakika kumi au kumi na tano tu. Kwa watoto, mjini.

Siku ya pili ondokeni saa 12 na nusu asubuhi. Kitonga mtaikuta kukiwa kweupe na breki zikiwa za baridi, Mikumi mjini kama saa 4, Morogoro saa 6 hadi 7, Dar kati ya saa 10 na 11 jioni. Kumbukeni jua la Dar linazama mapema kuliko la Mbeya kwa dakika 20 hivi. Mwezi wa Juni, saa 12 na robo limeshazama.

Kipande cha kupanga vizuri ni hifadhi ya Mikumi, barabara inapita ndani yake kwa kama kilomita 50. Chooni waende wote Mikumi mjini, hata asiyetaka, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kushuka. Fuateni mwendo wa vibao, ukigonga mnyama kuna faini. Vioo vya nyuma vifungwe na vizuiwe kwa swichi ya dereva. Nyani wa pale wamezoea kurushiwa ndizi, na gari ikisimama wanaifuata. Msiwarushie chochote. Twiga, pundamilia na swala wanaonekana vizuri kutoka barabarani, na tembo pia mara nyingi. Mwenye miaka 8 akae dirishani.

Bwana Msamvu

Natofautiana kidogo na mzee hapo juu. Iringa inawaachia kilomita 500 siku ya pili, na siku ya pili ndiyo watoto wanakuwa wamechoka. Mikumi mjini ni kilomita kama 520 kutoka Mbeya. Mkilala hapo, siku ya pili inabaki kama 300 tu na mnaingia Dar mchana. Loji zipo za bei zote.

Pia kuna SGR. Mnaweza kuacha gari Morogoro sehemu yenye ulinzi na kupanda treni ya umeme hadi Dar, kama saa mbili hivi. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda, msije mkaenda ile ya zamani. Tiketi zikateni mapema na vitambulisho mkononi, maana msimu wa likizo zinaisha.

Mzee wa TANZAM

Bwana Msamvu, kwa watu wazima hesabu yako ni nzuri. Tatizo ni kwamba Mikumi siku ya kwanza maana yake Kitonga mnaiteremka saa 9 au 10 alasiri, dereva akiwa na zaidi ya kilomita 400 mwilini, jua la bonde likiwa kali, halafu mnafika kulala gizani au karibu na giza. Kitonga iwe asubuhi. Wakiona siku ya pili ni ndefu, wanaweza kulala tena Morogoro bila aibu yoyote. Siku tatu na watoto watatu si uzembe.

Kuhusu treni, ndugu zao wako Mbezi Beach. Ukishuka stesheni ya Dar katikati ya mji na mabegi, pampasi na mtoto mgongoni, bado una safari nyingine ya taksi, na siku sita zote huna gari. Treni iwekeni kama matembezi, mmepumzika na hamna mizigo.

Fundi Ipogolo

Kamwene. Nijibu la Kitonga na la gari.

Wiki moja kabla ya safari, si siku moja kabla, peleka gari ikaguliwe ili kikikutwa kibaya muda wa kukirekebisha uwepo. Cha kwanza ni breki: unene wa pedi, na umri wa mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yakizidi miaka miwili, kiwango chake cha kuchemka kinashuka. Kwenye mteremko mrefu yanachemka, yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini bila kushika. Watu wanasema "breki zimefeli ghafla", kumbe mafuta yalikuwa yamekufa siku nyingi. Kuyabadilisha ni kazi ya chini ya saa moja.

Cha pili, matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka sita au saba, hata kama meno yapo, usilipeleke Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la bondeni chini ya Kitonga, likiwa limebeba familia. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Likishapata moto njiani presha inapanda, na hilo ni la kawaida. Usipunguze upepo wa tairi la moto. Jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba vijaribu nyumbani, siyo Kitonga. Pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto viwemo, visifunikwe na mizigo.

Sasa Kitonga. Kabla mteremko haujaanza, punguza hadi 40 na uhamishe gia kutoka D kwenda 2 au L. Otomatiki nyingine zina S au B, nazo hufanya kazi hiyo hiyo. Injini itanguruma na mshale wa mizunguko utapanda, usiogope, ndiyo inayokushikia gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha hadi mwendo upungue kwa kilomita 10 kwa saa, kisha achia kabisa ili zipoe. Kuegemeza mguu kwenye breki mteremko mzima ndiko kunakochoma pedi. Na kuweka nutro ili kuokoa mafuta ni hatari tupu, maana injini haikuzuii tena, mzigo wote unahamia kwenye breki.

Usimfuate lori karibu na usimpite konani. Anayepanda naye hupitana na mwenzake, unakuta semi mbili zimejaa barabara nzima. Washa taa hata mchana. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini, tafuta sehemu pana, simama, weka P na jiwe chini ya tairi, ngoja nusu saa. Usimwagie maji diski za moto, zinapinda au kupasuka. Na jiwe uliondoe unapoondoka, tafadhali sana. Mwenye pikipiki anayekuja nyuma yako usiku hana habari nalo.

Mafuta: Noah ya lita mbili iliyojaa inakula kama lita 1 kwa kilomita 9 hadi 11, kwa hiyo wekeni hesabu ya lita 80 hadi 90 kwenda peke yake. Jazeni Mbeya na mjaze tena Iringa. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, muiangalie kabla ya kupanga bajeti.

Mizigo mizito ikae sakafuni, nyuma ya viti. Ndoo ya mchele na maparachichi ya kumpelekea shangazi yasikae juu ya viti nyuma ya vichwa vya watoto. Ukifunga breki ghafla, vinaruka mbele.

Nesi Mafinga

Dada, naanza na viti kwa sababu ndivyo vinavyookoa maisha. Huyo wa miezi 10 asipakatwe. Gari ikigonga kwa kilomita 50 tu, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshikilia. Akae kwenye kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kiti cha nyuma cha gari, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa. Wa miaka 4 akae kwenye kiti chenye mikanda yake kinachotazama mbele. Wa miaka 8, kama hajafika kimo cha sentimita 135 au zaidi, akalie kiti cha kumnyanyua ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, usipite shingoni wala tumboni. Ukikifunga kiti, kikamate pale mkanda unapopita ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili au tatu, bado hakijafungwa.

Kuna jambo moja la huku kwetu. Asubuhi ya Juni watoto huvalishwa jaketi nene, kisha wanafungwa mkanda juu yake. Ajali ikitokea jaketi linabonyea, mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Mvue jaketi, mfunge mkanda ukiwa umembana vizuri kifuani, kisha mfunike blanketi juu.

Wa kutapika: akae mahali anapoona barabara mbele, siyo safu ya mwisho. Asiangalie simu wala kitabu. Asubuhi apewe kitu kikavu na kidogo, kipande cha chapati au kiazi kitamu cha kuchemsha. Asipewe maziwa, mayai ya kukaanga wala juisi. Maji anywe kwa mafunda. Kila mtoto awe na mfuko wake usiotoboka, na nguo moja ya kubadili iwe mkononi, si kwenye buti chini ya mabegi. Dawa za kuzuia kutapika kama promethazine hazipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Kwa wa miaka 4, ongea na mfamasia au daktari akupe kipimo kwa uzito wake. Usitumie dawa yoyote kwa nia ya kumlaza mtoto safari nzima.

Masikio: kutoka Iringa kushuka hadi bonde la Ruaha mnapoteza karibu mita elfu moja za mwinuko, na masikio yataziba. Wakubwa wapewe maji ya kumeza kidogo kidogo. Mdogo mnyonyeshe kabla ya kuanza kuteremka na tena mkishafika chini, gari ikiwa imesimama. Katikati, mpe chupa akiwa kwenye kiti chake. Asitolewe kwenye mkanda wakati gari inatembea, hata akilia. Atalia kidogo na yatazibuka.

Malaria ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Watoto waliokulia nyanda za juu hawajajenga kinga yoyote ya maana, na Morogoro na Pwani mbu wapo mwaka mzima, hata mwezi wa Juni baada ya masika. Beba vyandarua vyenu vyenye dawa, usitegemee vya gesti. Kuanzia saa 12 jioni nguo za mikono mirefu na suruali. Homa yoyote kuanzia siku ya saba tangu mfike kwenye mbu hao, hadi miezi mitatu baada ya kurudi Mbeya, ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na useme wazi, "tulikuwa Dar". Usiposema, huku kwetu wanaweza wasiifikirie malaria mapema, na kwa mtoto mdogo inaweza kuwa kali ndani ya siku moja au mbili.

Kwenye begi la dawa: paracetamol ya maji (miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara nne kwa siku), pakiti nne za ORS, kipimajoto, na kadi ya kliniki. Akiharisha, wa chini ya miaka miwili mpe ORS mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, na wakubwa 100 hadi 200. Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, lakini siyo zote.

Mama Uyole

Asanteni sana, hili la jaketi sikuwahi kulisikia. Nesi, uji wa kwenye chupa ya chai unafaa kwa huyu mdogo? Na mwenye kuijua Dar tafadhali.

Nesi Mafinga

Unafaa kama ni wa moto uliochemka vizuri na chupa imesuuzwa kwa maji ya moto kabla. Utumike ndani ya saa nne, usiwe na maziwa ndani. Ukishapoa, usiurudishe kwenye chupa. Ndizi mbivu na parachichi ni rahisi zaidi: unamenya hapo hapo, hakuna kinachochacha.

Dada wa Goba

Karibuni Dar. Kwa kuwa mnaenda Mbezi Beach, msishuke hadi Ubungo. Mkishapita Kibamba mkafika Mbezi Mwisho, ingieni kushoto barabara ya Goba, ni lami hadi Tangi Bovu, na hapo mko Mbezi Beach. Mnakwepa Kimara yote. Siku mtakayopita Kimara, njia ya katikati ni ya mabasi ya mwendokasi peke yake. Gari binafsi ikiingia inakamatwa, hata kama foleni imesimama na wengine wanaingia.

Siku ya kwanza msiwapeleke popote. Joto la Dar lina unyevu ambao mwili wa mtoto wa Mbeya haujauzoea. Wapumzike, waogeshwe mara mbili, wavae pamba. Mizunguko iwe saa 2 hadi 5 asubuhi, kisha tena baada ya saa 10.

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya kwenda Mwenge, ndicho chaguo langu la kwanza: nyumba za asili za makabila mbalimbali, eneo la wazi lenye miti, watoto wanaingia na kutoka. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ni kwa wa miaka 8. Wadogo watamaliza saa moja tu. Bebeni vitambulisho, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Kivuko cha Kivukoni kwenda Kigamboni kwa miguu ni nauli ndogo mno, na kwa mtoto ambaye hajawahi kuona meli ni tukio kubwa kuliko bustani yoyote ya michezo ya kulipia. Nendeni saa 4 asubuhi siku za kazi. Alfajiri na jioni watu ni wengi, mtoto anabanwa.

Baharini, ulizeni kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila zamu kama saa sita, na kila siku muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yanaenda mbali sana na kurudi kwa kasi. Kwa wadogo, muda mzuri ni maji yakiwa yameanza kutoka, wakicheza penye kina cha magoti, na mtu mzima mmoja akiwa umbali wa mkono, hana simu. Wavae yeboyebo, kuna vipande vya chupa na miba ya baharini.

Kariakoo msiende na watoto. Kama hakuna budi, aende mmoja wenu peke yake. Popote penye watu wengi andika namba yako ya simu kwa kalamu mkononi mwa mtoto na umpige picha asubuhi hiyo akiwa na nguo alizovaa.

Fundi Ipogolo

La kurudi, maana wengi husahau. Kitonga kupanda ndiko kunakochemsha injini. Kabla ya Ruaha Mbuyuni angalia maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Mnapanda na gia ya chini bila kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale wa joto ukianza kusogea, zima AC, washa hita kwa upepo wa juu na ufungue vioo. Ukizidi kupanda, simama. Mfuniko wa rejeta ya moto usiuguse kabla ya nusu saa, na watoto wakae mbali na boneti. Ukiwa nyuma ya lori linalopanda, acha nafasi ya gari tatu au nne, kwa sababu likishindwa linarudi nyuma. Vitunguu mnunue Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda, wekeni mahali penye hewa.

Nesi Mafinga

Na masweta ya kurudia yafungashwe juu kabisa ya begi. Mkitoka bondeni na vesti mkafika Ilula jioni, baridi inawakuta watoto wakiwa na jasho.